Maswali ya Wasomaji: Moto na Asidi Maabarani

SWALI: Shikamooni. Niko kidato cha kwanza. Tukipasha moto kimiminika kwenye testityubu, kinaruka ghafla na kumwagika mezani. Mwalimu anasema tunajaza mno, lakini hata kikiwa kidogo kinaruka. Kwa nini? — *Mwanafunzi, Tanga*

JIBU: Marahaba. Mwalimu hajakosea, ila tunashuku pia mahali mnapoelekeza moto. Ukipasha kitako cha testityubu peke yake, kimiminika cha chini hugeuka mvuke wakati cha juu bado hakijachemka. Mvuke huo hutanuka kwa kishindo na kurusha nje chochote kilicho juu yake.

Jaza isizidi theluthi moja. Futa unyevu wa nje, kwani kioo kilicholowa hupasuka kwenye moto. Shika kwa kibanio karibu na mdomo, ilaze testityubu kiasi cha nyuzi 45, kisha anza kupasha karibu na uso wa kimiminika, ukishuka taratibu huku ukiitikisatikisa. Ukiituliza mahali pamoja, hata sekunde chache, umerudi kulekule. Mdomo wake uelekee pasipo na mtu. Wanafunzi huwakumbuka wenzao wakajisahau wenyewe, wakachungulia ndani kuona kama kimechemka. Vaa miwani ya kinga. Mtandio ufungwe nyuma, tai iingizwe ndani ya shati.

SWALI: Shuleni kwetu hakuna gesi, tunatumia taa za spiriti. Hizi nazo zina hatari? — *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Zinayo, hasa wakati wa kuongeza spiriti. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, mtu akadhani taa imezimika, akamimina. Moto ukapanda hadi kwenye chupa aliyoshika. Zima kwa kufunika kwa kifuniko chake, usipulize. Subiri ipoe ndipo uongeze, isizidi theluthi mbili. Na washeni kwa kiberiti: kuinamisha taa moja ili iwashe nyingine ni kumwaga spiriti juu ya moto.

SWALI: Kati ya asidi na maji, kipi kinatangulia kwenye bika? — *Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Maji. Asidi ya salfuriki kali hutoa joto jingi inapokutana na maji, nayo ni nzito karibu mara mbili ya maji. Ukimimina maji juu ya asidi, yanaelea, yanachemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Ukianza na maji mengi ya baridi, asidi ikaingia kidogo kidogo huku unakoroga, joto hilo husambaa. Kwa anayeanza, kazi hii tungemwachia mwalimu au fundi wa maabara.

Ikikurukia, vua mara moja nguo iliyoguswa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usipake magadi kwenye ngozi eti kuiua asidi. Mchanganyiko huo nao hutoa joto, na unapoteza dakika ambazo ungekuwa bombani.