Jinsi "/=" ilivyonifanya niitwe mwizi

Juzi usiku dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Amechaguliwa katibu wa chama chao na anaorodhesha namba za simu za wanachama kwenye Excel. Akibonyeza Enter tu, sifuri ya mbele inatoroka: 07 inabaki 7. Zile alizoanza na 254 zimegeuka 2.547 na kuendelea, na herufi E katikati. "Na nilikuwa nimeshapaka rangi na kuchora mistari vizuri," akalalamika.

Hiyo "nimeshapaka rangi" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama 34 hapa Kisumu, wengi wao wachuuzi wa soko la Kibuye. Kila mmoja shilingi 500 kwa wiki. Nilichaguliwa kwa sababu moja: nilikuwa na laptopu. Nilikuwa ndio nimemaliza kozi ya kompyuta na nilitaka kila mtu ajue. Kichwa cha jedwali nilikipaka buluu iliyokoza, herufi nyeupe. Mistari nikaipishanisha, mmoja mweupe, mmoja wa kijivu. Kila seli, yaani kila kisanduku cha jedwali, iwe jina au pesa, nikaipanga katikati. Kisha nikagundua Ctrl na 1, kile kidirisha cha sura za seli, na kwamba mtu anaweza kujitungia fomati yake. Nikaandika #,##0"/=" na kila 500 ikajitokeza 500/= kama kwenye daftari la duka. Nilijiona nimefika.

Siku ya kusoma hesabu za wiki 13 tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, Kondele. Niligawa karatasi za rangi, nilizozichapisha saiba kwa pesa zangu mwenyewe (hakuna aliyewahi kunirudishia). Jumla chini: 206,500/=. Mama mmoja muuza omena, ambaye sidhani amewahi kugusa kompyuta, alichukua kalamu akapiga hesabu kwenye kiganja: 34 mara 500 mara 13. Ikaja 221,000.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, akaniambia polepole, "elfu kumi na nne na mia tano zimeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Pesa zote zilikuwa benki, lakini ilikuwa Jumapili na taarifa ya akaunti sikuwa nayo. Kuanzia saa nane mchana ule hadi Jumatatu saa tano asubuhi, mimi nilikuwa mwizi. Wifi yangu alinipigia kuuliza kama ni kweli. Watu niliokuwa nikiwakopesha nauli walinipita njiani wakitazama simu zao.

Kosa nililiona usiku huohuo. Kulikuwa na malipo 29 niliyoyaingiza kwa simu nikiwa nimechoka, na mkono uliozoea daftari ukaandika "/=" wenyewe. Sasa, 500 yenye fomati ni namba iliyovalishwa nguo. Lakini 500/= uliyoichapa kwa mkono, kwa Excel hayo ni maandishi tu, na SUM, ile fomula ya kujumlisha, huyapita kama matatu iliyojaa inavyokupita stejini. 29 mara 500 ni 14,500. Kwa macho zilifanana kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Excel usipoigusa hupanga namba kulia na maandishi kushoto. Yale malipo 29 yangekuwa yamesimama kushoto peke yao, yakinipungia mkono. Mimi niliyavuta katikati pamoja na mengine kwa ajili ya urembo.

Kwa hiyo wewe unayetaka siku moja kushika vitabu vya Sacco kubwa, na najua unataka, ndiyo maana unasoma hapa: acha namba zikae kulia. Ukirithi faili la mtu, ondoa kwanza hiyo katikati yake uone nani anabaki kushoto. Mimi nilibonyeza Ctrl na H, nikatafuta /= na kuiondoa bila kuweka kitu mahali pake. Zote 29 zikawa namba, jumla ikapanda hadi 221,000. Dakika moja. Aibu yake nimeibeba miaka.

Dada wa Nakuru, safu ya simu igeuze iwe aina ya maandishi kabla ya kuchapa chochote. Kabla, sio baada. Namba ya simu hujumlishi na nyingine, kwa hiyo haina haja ya kuwa namba. Ukiigeuza baada ya sifuri kupotea, hairudi. Unaweza kujitungia fomati ya sifuri kumi, 0000000000, na sifuri itaonekana, lakini hiyo ni sura tu. Ndani ya seli haimo, na siku ya kubandika thamani tupu, bila fomati, kwenye jedwali lingine utaumbuka. Hiyo E nayo isikutishe, ni kwamba namba ya tarakimu 12 imeandikwa kwa kifupi. Na ukiona ##### usilie, mara nyingi safu ni nyembamba, ivute.

Kuunganisha seli ili kichwa kikae vizuri, hapo sitaki hata kubishana. Siku utakapotaka kupanga majina kwa alfabeti na Excel ikakataa, utanikumbuka.

Rangi siku hizi naziweka mwisho kabisa, na ni moja tu: wekundu unaojitokeza wenyewe kwa masharti niliyoweka, pale mtu akiwa na deni. Jedwali langu ni baya kwa macho. Jumamosi iliyopita nililisoma mbele ya wanachama na hakuna aliyeomba kalamu.

Yule mama wa omena hajaniomba msamaha hadi leo. Mwezi uliopita alimtuma binti yake kwangu, amebeba laptopu kwenye mfuko wa unga, eti nimfundishe. Kitu cha kwanza msichana alichouliza ni rangi zinapakwa wapi.