Swali la lugha: Siagi, samli na majarini ni kitu kimoja?

Msomaji anauliza: "Natafsiri maelezo ya mapishi. Naona watu wakiandika siagi, samli na majarini kana kwamba ni kitu kimoja. Nitumie lipi? Tena, ni siagi hii au siagi hili?"

La pili ni jepesi: siagi hii, siagi imeyeyuka. Ngeli ya I-/ZI-.

La kwanza lina uzito, kwa sababu ukikosea neno, mpishi ataharibu chakula. Malai yakisukwa, chembe za mafuta hushikamana zikawa vidonge vya manjano. Hiyo ndiyo siagi. Majimaji yanayobaki ndiyo mtindi kwa maana yake ya zamani, ingawa leo wengi huita hivyo maziwa mgando yoyote. Siagi ina mafuta yasiyopungua asilimia 80, na maji yasiyozidi 16.

Ichemshe siagi hiyo kwa moto mdogo mpaka maji yaishe, mashapo yazame na kugeuka kahawia, kisha uchuje: umepata samli, neno tulilolichukua kwa Waarabu, samn. Ni karibu mafuta matupu. Ndiyo maana samli hustahimili moto mkali, ilhali siagi huungua mapema: kinachoungua ni yale mashapo. Na maelezo yakitaka gramu 100 za siagi, mwenye samli atie gramu 80 na kijiko kikubwa kimoja cha maji. Akitia 100, keki itajaa mafuta.

Utamaduni nao una neno lake. Wahindu humimina samli katika moto wa ibada. Usiandike siagi hapo. Watibeti hutia siagi katika chai, usiandike samli.

Majarini haimo kabisa katika ukoo huu. Hippolyte Mège-Mouriès aliibuni Ufaransa mwaka 1869 kwa shahamu ya ng'ombe, iwe badala nafuu ya siagi. Siku hizi hutengenezwa zaidi kwa mafuta ya mimea. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la lulu. Kuiita siagi, kama wengi tunavyofanya mezani, ni kosa ninalosihi lisiingie katika maandishi, hasa kwa msomaji ambaye maziwa yanamdhuru.

Siagi ya karanga haina tatizo: "ya karanga" imeshaeleza kila kitu.