“Maji baridi” au “maji safi”?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Mbeya. Katika mabwawa ya Rungwe na Kyela natafuta mwani mdogo wa kutengenezea dizeli. Kwenye ripoti niliandika “mwani wa maji baridi”. Msimamizi wangu amekata na kuandika “maji safi”, kwa hoja kwamba maji ya Kyela hayana ubaridi wowote. Lipi sahihi?

JIBU: Rudisha “maji baridi” yako. Ubaridi huu haupimwi kwa kipimajoto. Kinyume chake ni chumvi. Pale Matema utaoga Ziwa Nyasa bila kutetemeka, na bado mbasa na kambale wa humo ni samaki wa maji baridi. Au ingia dukani Uyole asubuhi ya Julai. Muuzaji atakuuliza, “Ya moto au ya baridi?” Nawe, kwa kipupwe kile, utachukua soda ya moto, ambayo haikuingia kwenye friji. Soda hiyo ya moto inabaki kuwa kinywaji baridi, kwa sababu haina kileo. Tazama pia kazi ya ile “ya”: “soda ya baridi” inataja hali ya sasa, “kinywaji baridi” inataja aina.

“Maji safi” nalikataa kabisa. Hayo ni maji yasiyo na uchafu, na mwani unaoutafuta haung'ang'anii usafi. Chota chupa ya maji kwenye bwawa la samaki lililotiwa samadi, uiinue juani: rangi ya kisamvu. Chlorella na Scenedesmus, aina za mwani zinazotajwa sana katika utafiti wa dizeli, hustawi penye naitrojeni na fosforasi nyingi, hata kwenye maji taka. Zikishaongezeka hunyimwa naitrojeni ili zijaze mafuta. Sasa jaribu kuandika “mwani wa maji safi uliokuzwa kwenye maji taka”. Sentensi inajipinga yenyewe. Weka “maji baridi”, itasimama.

Ninachokusahihisha mimi ni “mwani mdogo”. Msomaji wa Paje, Zanzibar, wanakolima mwani wa baharini, ataona mwani wa kwenye kamba ambao haujakomaa. Andika “mwani wa hadubini”. Kwa mafuta yenyewe, “dizeli ya mwani” inatosha. “Nishati mimea” ni pana mno.

Ukipanda hadi Kitulo, ambako maji ni ya baridi kweli, taja nyuzijoto: “maji baridi yenye nyuzijoto 12”. Hapo hujarudia neno, umesema mambo mawili.