Wanapiga picha mawazo ya mwanangu?

SWALI: Dokta, habari za kazi. Kijana wangu yuko Toronto anasoma, juzi kanipigia eti amejiandikisha kwenye utafiti wa ubongo. Yeye haumwi, wanataka watu wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa wa sonona, watamchoma sindano ya dawa yenye mionzi alafu anaingizwa kwenye mashine wapige picha serotonini yake. Tangu hapo silali. Mionzi kichwani jamani? Na hayo mawazo yake watayaona? Baba yake anasema kijana kafuata hela tu. – Mama wa Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Mawazo hawayaoni, hilo liondoe kabisa. Hata serotonini yenyewe hawaioni, na hapa hata magazeti huwa yanachapia.

Iko hivi. Serotonini ni kemikali ambayo seli moja ya ubongo inaimwaga ili seli jirani ipate ujumbe. Ujumbe ukishafika, ile kemikali haiachwi imezagaa, kuna protini imekaa kwenye ukuta wa seli iliyoimwaga na kazi yake ni moja tu, kuiokota na kuirudisha ndani ikatumike tena. Mwite hamali, kama wale wa bandarini wanaorudisha magunia stoo. Picha ya kijana wako ni ya mahamali. Siyo ya magunia, na wala siyo ya barua iliyomo ndani ya gunia.

Sasa utawahesabuje na kichwa hujakifungua? Mwaka 2000, hukohuko Toronto, watafiti Alan Wilson na Sylvain Houle na wenzao walitoa kemikali inaitwa DASB ambayo inamng'ang'ania hamali wa serotonini na kuwaacha wale wa dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, na wengine. Ndani yake kuna atomu moja ya kaboni wameiweka ile yenye mionzi, kaboni-11. Hiyo ikivunjika inatoa chembe ya positroni, positroni ikikutana na elektroni, zote mbili zinapotea na inabaki miale miwili inayokimbia kila mmoja upande wake, huku na huku. Mashine, inaitwa PET, ni pete ya vihisio imezunguka kichwa, viwili vya pande tofauti vikipigwa kwa wakati mmoja kompyuta inajua tukio limetokea kwenye mstari huo. Kusanya mistari mamilioni, unapata ramani.

Tatizo ni muda. Kaboni-11 kila dakika 20 nusu yake imekwisha. Inatengenezwa kwenye saiklotroni, yaani mashine ya kutengeneza atomu zenye mionzi, wakemia wanaiunganisha haraka haraka, wanaikagua, inapelekwa kwa anayepigwa picha mbio. Ndo maana saiklotroni lazima iwe palepale hospitali au jirani sana, ungeibeba kwenye foleni ya Ubungo ingefika maji matupu. Lakini hiyohiyo ndo nafuu ya kijana wako mama: baada ya masaa matatu na nusu iliyobaki mwilini haifiki sehemu moja kati ya elfu, na ile iliyovunjika imegeuka boroni ya kawaida. Mionzi ya skani moja ni milisievati chache, kama ile ambayo sote tunaipata kutoka ardhini, hewani na angani kwa mwaka mmoja miwili hivi, inategemea wamechoma kiasi gani. Siyo sifuri. Ndo maana wanamuuliza ameshapigwa skani ngapi, na wanawake wanapimwa mimba kwanza.

Kitakachomchosha ni kulala. Kama dakika 90 chali, kichwa kimebanwa na kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yake, pua ikiwasha hairuhusiwi kugeuka. Kwenye picha shina la ubongo litawaka katikati, na sehemu za ndani ndani kama thalamasi, ila serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, utabaki hafifu kwa sababu pale mahamali karibu hawapo. Watafiti wanautumia kama sifuri ya mizani, kinachoonekana pale ni dawa inayozurura tu, wanakitoa kwenye hesabu.

Na mwambie akumbuke mwezi atakaopigwa picha. Mwaka 2008 watafiti wa Toronto waliangalia skani za watu 88 wenye afya, wakakuta mahamali wanaonekana wengi zaidi vuli na kipupwe kuliko majira ya joto.

SWALI: Dokta mambo. Natumia sertralini, dawa ya sonona, mwezi wa nne huu, naona afadhali kidogo tu. Nimesikia Nairobi kuna PET, naweza kwenda kupimwa serotonini nijue kama imepungua? – Msomaji, Machakos

JIBU: Poa ndugu yangu, pole na kuumwa. Nauli yako itunze. Hizo PET za Nairobi kazi yake kubwa ni saratani, wanatumia sukari yenye florini-18 ambayo nusu yake inakwisha kwa dakika 110. Skani ya hamali wa serotonini ni ya utafiti. Na hata ungeipata isingekwambia kama una sonona, kwa sababu tafiti nyingine zimekuta wagonjwa wana mahamali wachache, nyingine hazijaona tofauti, na vipimo vya wenye afya na vya wagonjwa vinaingiliana sana. Kipimo cha damu nacho hakisaidii, zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo na haivuki kuingia ubongoni.

Ila skani hizi zimetufundisha kitu kuhusu vidonge vyako. Sertralini inamshika hamali mikono asibebe. Mwaka 2004 Jeffrey Meyer, mtafiti wa Toronto, na wenzake waliwapiga picha watu wanaotumia moja kati ya dawa tano za aina hii, kwenye dozi ndogo kabisa inayotibu mahamali kama asilimia 80 walikuwa wameshakamatwa, dawa zote tano. Ukipandisha dozi mara mbili hupati mara mbili, unaongeza vichache juu ya hapo. Tena wanakamatwa ndani ya masaa, wakati ahueni inakuja kwa wiki, maana yake kuna mengine yanaendelea baadaye ambayo picha haiyaonyeshi. Kwa hiyo usijiongezee kidonge mwenyewe, wala usiache ghafla. Rudi kwa daktari wako umwambie hivyohivyo, "afadhali kidogo tu", na usingizi ukoje, na kama kuna siku unaruka dozi.