Meza ya kugusa inakataa kufanya kazi mchana

Kaka, umeuliza kwa nini meza yako ya kugusa, ile ambayo kamera yake huona vidole kwa mwanga wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), inasoma vidole vizuri usiku, lakini mchana kamera inaona weupe mtupu. Ni jua. Mwanga wake umejaa infraredi, na kamera haiwezi kuutofautisha na ule wa taa za infraredi za meza yako. Yangu ilinisumbua vivyo hivyo hapa Kisumu, dirisha likitazama ziwani: jua likishuka jioni, hakuna kidole kilichoonekana. Niliisogeza mbali na dirisha, nikashusha pazia zito, ikatulia.

Kisha kagua kamera. Kile kichujio kidogo cha kuzuia infraredi nyuma ya lenzi lazima kiwe kimetoka, na mahali pake uweke cha kuzuia mwanga wa kawaida. Mimi nilianza na negativu ya filamu ya rangi, ile ncha nyeusi tii iliyopigwa na mwanga kabla ya kusafishwa, vipande viwili pamoja. Ya nyeusi na nyeupe haifai, fedha yake huzuia hata infraredi. Lakini kama taa zako ni za nanomita 850 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake), nunua kichujio kinachopitisha 850 hasa. Tofauti utaiona mara moja.

Na kingo za akriliki, ile plastiki angavu ya juu ya meza ambamo mwanga wa taa huingilia kingoni, je, ulizipiga msasa hadi zikang'aa?