Mashine ya mbao iliyotumika kwa kazi ya mizinga ya nyuki

Ndugu yangu wa Nakuru, umeuliza kama uinunue ile mashine kuukuu inayopasua, kuranda na kutoboa mbao, uanze kuunda mizinga. Mimi naundia mizinga huku Kakamega. Usitoe pesa kabla hujaiona ikikata.

Beba ubao wako mwenyewe wa saipresi. Pasua vipande vitano vya upana wa milimita 32, ule wa vijiti vya juu vya mzinga wa KTBH (mzinga wa Kenya ambao nyuki hujenga masega chini ya vijiti), kisha uvipime ncha zote mbili. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja, na muuzaji akishindwa kuurekebisha ule ukingo wa kuongozea mbao, achana nayo. Nyuki hawasamehi kipimo. Kwenye Langstroth, ule mzinga wa masanduku yenye fremu, nafasi ya kupita nyuki ni kama milimita 6 hadi 9. Ikipungua wanaiziba kwa gundi yao, ikizidi wanajenga masega humo, na siku ya kurina utavunja kila kitu.

Soma kibandiko cha mota. Kama kimeandikwa volti 415, inataka stima ya fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja tu. Zima mashine, ushike shafti uitikise: ikicheza, beringi zimekwisha. Visu vya randa visikutishe, vinanolewa.

Sehemu ya kutoboa usiilipie zaidi, mizinga haiihitaji. Lakini msumeno usio na kinga, tafadhali, usiuwashe hata kwa majaribio. Vidole havinunuliwi.