Jibu: Maji ya moto ya kituo cha nyuklia na samaki wetu

Salaam ndugu. Umeuliza kama maji ya moto yanayorudishwa baharini na kituo cha nyuklia yana mionzi, na kama yatawafukuza samaki.

Maji ya bahari hayaingii kwenye kinu cha nyuklia, yaani mtambo unaozalisha joto. Hupita ndani ya mabomba ya kupozea mvuke, kisha hurudi yakiwa na joto zaidi. Takriban theluthi mbili ya joto la kinu huishia huko. Mionzi kidogo, hasa tritiamu (aina ya hidrojeni yenye mionzi), hutolewa kwa kibali chenye kikomo. Daini vipimo vyake.

Kwangu mimi, hofu kubwa iko kwenye mdomo wa kuvutia maji. Nimekaa vikao vingi na wavuvi; wote huuliza joto, hakuna anayeuliza mayai na vifaranga vya samaki wanaofyonzwa humo. Wavu huzuia wakubwa tu. Hata kituo kinaweza kuzidiwa: mwaka 2011 viwavi wa baharini (konyeza) waliziba vichujio vya maji vya kituo cha nyuklia cha Torness, Scotland, vinu vikazimwa.

Kwa hiyo anza na ripoti ya tathmini ya mazingira, sehemu ya maji ya kupozea. Tazama bomba linavuta wapi, kina gani, na kama ni karibu na mazalia. Pia andikeni uvuaji wenu tangu sasa, kabla ujenzi haujaanza; bila kumbukumbu hizo madai ya fidia hayana mguu.